Furaha Nayo Hutunzwa: Mwongozo wa Kuitambua, Kuionja, Kuishiriki na Kuituliza

Mtu akiwa na hasira anajua la kufanya, hata kama halifanyi: anyamaze, atoke nje, akanawe uso. Akiwa na huzuni atatafuta wa kumsikiliza, au ataswali, au atalala. Ila muulize huwa anafanya nini furaha ikimjia, na mara nyingi atabaki anakutazama. Furaha huachwa ijiendee. Ujumbe wa mshahara unaingia kwenye simu saa tatu asubuhi. Saa tatu na dakika tano mtu ameshaanza kuhesabu ada, kodi ya nyumba na deni la dukani, na ile nafuu aliyoingoja mwezi mzima imekwisha hapo. Mwingine hupokea fedha zile zile, moyo ukamjaa, na kufika jioni ameshawaahidi watu watatu mambo asiyoweza kuyatimiza.

Mmoja ameizima furaha yake, mwingine imemchukua mzobemzobe. Wote wawili wamekosa ujuzi ule ule, na ujuzi huo hufundishika kama upishi. Fuata hatua hizi kwa mpangilio wake mara ya kwanza. Ukishazoea, utajua mwenyewe ipi unaihitaji lini.

Hatua ya 1: Ipe jina lake

"Nimefurahi" ni neno pana mno. Ndani yake kuna hisia nyingi, na kila moja ina matunzo yake. Kabla ya kufanya lolote, jiulize ni ipi.

Nafuu ni mzigo kushuka: majibu ya hospitali yametoka vizuri, mtoto aliyechelewa kurudi amebisha hodi. Hapo mwili umechoka, maana ulijikaza kwa saa nyingi au siku nzima. Kaa, kunywa maji, kula. Usiamue jambo kubwa siku hiyo.

Fahari huja kazi yako inapokubalika. Hii inataka shahidi, mtu mmoja anayejua jasho lililokutoka. Ukiificha kabisa hugeuka uchungu wa kutothaminiwa. Ukiitangaza kwa kila mtu, huchosha.

Shukrani ina mwenyewe. Mpigie siku hiyo hiyo umtajie hasa alichokifanya. "Ahsante kwa kila kitu" haina uzito wa "ahsante kwa kunisindikiza hadi kituoni usiku ule wa mvua."

Raha ya mwili, kama maji ya kuoga baada ya kutwa ya joto au upepo wa jioni barazani, haihitaji maneno. Inataka muda tu.

Shangwe ni ile ya vigelegele na kuruka. Inataka watu, na inataka pochi ifungwe, tutairudia.

Na kuna hamu ya jema linalokuja. Hii ni ya bei nafuu kuliko zote kwa sababu unaanza kuila kabla ya tukio. Safari ya kwenda kumsalimu bibi ikipangwa wiki tatu mapema, ikasemwa mezani, watoto wakaambiwa wachague zawadi ya kumpelekea, inakupa wiki tatu za furaha badala ya siku mbili. Ikipangwa usiku wa kuamkia safari, unabaki na haraka ya kufunga mabegi.

Hatua ya 2: Ionje

Mwaka 2010 Matthew Killingsworth na Daniel Gilbert wa Chuo Kikuu cha Harvard walitoa matokeo ya utafiti uliowafuata watu wazima 2,250 kupitia simu zao, wakiulizwa katikati ya shughuli: unafanya nini, unawaza nini, unajisikiaje? Kwa karibu asilimia 47 ya nyakati hizo mawazo yao yalikuwa kwingine. Wenye mawazo yaliyotanga walikuwa na furaha ndogo zaidi, na hata waliotanga kwenye mambo mazuri hawakuwazidi waliokuwa makini na kile walichokuwa wakikifanya. Kwa hiyo kazi ya kwanza ya kukuza furaha ni kuwepo pale ilipo.

Anza na zoezi dogo lenye mwanzo na mwisho. Kahawa ya jioni inafaa sana, ile ya muuza kahawa anayepita akigonganisha vikombe, dele lake likiwa juu ya makaa. Tenga dakika kumi. Simu iwe mfukoni, bila sauti. Chukua kikombe kimoja na kipande kimoja cha kashata.

Kabla ya kunywa, shika kikombe kwa vidole viwili mpaka joto lifike. Nusa. Kahawa chungu ya pwani mara nyingi ina tangawizi ndani yake. Itafute kwa pua kwanza. Piga funda dogo, uliache ulimini kwa muda wa pumzi moja, kisha meza. Uchungu unabaki nyuma ya koo. Subiri ubaki. Ndipo uume kashata, karanga zivunjike, sukari ikutane na ule uchungu. Sasa weka kikombe chini. Tazama barabara, msalimie mtu, kaa dakika moja au mbili, kisha urudi.

Hapo pa kuweka kikombe chini ndipo wengi wanaporuka, na ndipo penye siri. Ulimi na akili huzoea haraka: funda la tano halina utamu wa la kwanza kwa sababu umeshalizoea. Ukikatiza kidogo, mazoea yanavunjika na unaanza karibu upya. Leif Nelson na Tom Meyvis walilionyesha hili mwaka 2008 kwa watu waliokandwa mwili: waliokatizwa katikati walifurahia zaidi kuliko waliokandwa mfululizo, ingawa wengi wetu tukiulizwa tungechagua kutokatizwa. Tumia kanuni hiyo kwenye muziki, kwenye matembezi, hata kwenye tamthilia unazozimaliza kwa usiku mmoja.

Kunyima nako kuna faida yake. Jordi Quoidbach na Elizabeth Dunn mwaka 2013 waliwataka baadhi ya watu wakae wiki nzima bila chokoleti, wengine wakapewa ya kula watakavyo. Waliporudi maabara na kupewa kipande, waliojinyima ndio walioifurahia zaidi. Anayefunga Ramadhani na kufuturu kwa tende na uji anaijua habari hii bila maabara. Chagua kitu kimoja unachokipenda ambacho sasa unakila au kukifanya bila hata kukiona, kiache siku saba, kisha kirudie. Kimoja tu, ukijinyima vitano, wiki hiyo itakuwa adhabu.

Yanayoharibu hatua hii ni mawili. La kwanza ni kujipima: "Je, nafurahi sasa? Mbona sijafurahi kama nilivyotarajia?" Swali hilo likiingia, umeshatoka kwenye kahawa na kuingia kwenye mtihani. Likija, rudisha macho au ulimi kwenye kitu kimoja mahususi, usibishane nalo. La pili ni kamera. Linda Henkel mwaka 2014 aliwatembeza watu kwenye jumba la makumbusho. Vitu walivyovipiga picha nzima walivikumbuka vibaya kuliko walivyovitazama tu, lakini waliposogeza kamera kwenye sehemu moja ya kitu, kumbukumbu haikupungua. Kwa hiyo kwenye harusi ya dada yako, acha kupiga picha ukumbi mzima. Chagua mikono yake yenye hina, piga picha moja au mbili, kisha weka simu na umtazame.

Hatua ya 3: Ishiriki, na ujifunze kumpokea mwenzako

Hii ndiyo hatua tunayoitilia mkazo kuliko zote, kwa sababu inajenga watu wawili kwa pamoja na inabomoa wawili kwa pamoja. Shelly Gable na wenzake, katika tafiti za mwaka 2004 na 2006, waligundua kwamba kumsimulia mtu jambo jema huongeza furaha zaidi ya ile iliyotoka kwenye jambo lenyewe, ila kwa sharti moja: inategemea msikilizaji amejibu vipi. Kwa wapenzi, namna mtu anavyopokea habari njema ya mwenzake ilieleza hali ya uhusiano wao kuliko namna anavyopokea habari mbaya.

Majibu ni ya aina nne. Chukulia mdogo mtu anampigia dada yake:

"Dada, shikamoo."

"Marahaba mdogo wangu, hujambo?"

"Sijambo. Dada, nimeitwa kazini! Naanza Jumatatu."

Jibu la kwanza: "Hongera. Haya, nipo sokoni, tutaongea." Si baya, lakini moto umemwagiwa maji. Jibu la pili: "Ah, vizuri. Hivi mama alikutumia zile hela za mafuta?" Habari imeshapotea. Jibu la tatu: "Jumatatu? Na hiyo kazi si ya mbali? Nauli utaiweza? Mwenzio fulani alianza hivyo hivyo, miezi mitatu wakamwachisha." Dada anampenda, anamhofia, lakini mdogo mtu kesho hatampigia tena akiwa na jema. Jibu la nne:

"Weee! Ile uliyoifanyia usaili mwezi uliopita? Hebu nieleze, walikupigiaje?"

Tazama alichofanya. Sauti imepanda, amekumbuka usaili, na ameuliza swali linalomrudisha mwenye habari kwenye ile dakika yenyewe ya kupigiwa simu. Mdogo mtu sasa ataisimulia, na kwa kuisimulia ataiishi mara ya pili.

Ili ulizoee jibu hilo, shika maswali matatu: *Ilikuwaje ulipopata habari? Ni kipi kilichokufurahisha zaidi? Nani mwingine umemwambia?* Uliza mawili kati ya hayo kabla ya kusema lolote la tahadhari. Kama una hofu ya kweli, mfano ya nauli, iweke mpaka kesho yake. Nauli ya Jumatatu bado itakuwepo Jumamosi. Na kama kweli upo sokoni na mikono imejaa, sema: "Habari hii siisikilizi nikiwa na kapu. Nakupigia saa mbili, nataka yote." Kisha upige saa mbili. Usipopiga, umelirudia jibu la kwanza kwa ahadi ya uongo.

Upande wa msimuliaji nako kuna kazi. Wengi huficha mema yao kwa kuogopa kijicho, na hofu hiyo si ya kubezwa. Kila mtaa una mtu anayeugua akisikia mwenzake amepata. Lakini dawa yake si kuficha yote. Chagua watu wawili tu wa mwanzo: mmoja aliyekuona ukihangaika, na mmoja ambaye wewe ulishawahi kufurahia lake. Waambie kwa mdomo, uso kwa uso au kwa simu, kabla ya kuandika popote. Habari iliyoanzia kwenye status ya WhatsApp hupata "hongera" arobaini za neno moja moja, na jioni unajikuta mpweke kwa namna usiyoielewa, kwa sababu hakuna hata mmoja aliyekuuliza ilikuwaje.

Unaposimulia, anza na tukio, taja aliyekusaidia, acha kiasi cha fedha. Na mwangalie unayemwambia. Aliyefiwa juzi, au aliyekosa kazi ile ile uliyoipata wewe, hastahili kukutana na shangwe yako bila kujiandaa. Mpe habari kwa maneno machache na kwa sauti ya kawaida, asije akaisikia kwa wengine, kisha umuulize hali yake na ukae umsikilize.

Hatua ya 4: Kamata maneno yanayoizima

"Ukicheka sana utalia." "Ni bahati tu." "Ngoja uone, hili nalo litaharibika." "Mtu kama mimi?" Maneno haya hutoka yenyewe, mengi tumeyarithi kwa wazee waliotutakia usalama. Yanatuliza hofu ya kuanguka kwa kutuzuia tusipande kabisa. Tatizo ni kwamba yakizoeleka, yanaizima kila furaha; wataalamu wa saikolojia wamekuta tabia hii ya kuipunguza hisia njema inaandamana na dalili za sonona.

Usipigane na neno likija. Ligawe. Jiulize: kuna jambo la kufanya hapa, ndiyo au hapana? Kama umepata mkopo wa biashara na unaogopa kushindwa marejesho, hilo lina la kufanya: andika kwenye karatasi tarehe ya rejesho la kwanza na kiasi chake, panga saa ya kulishughulikia kesho, kunja karatasi. Kama jibu ni hapana, ni hofu tu ya kwamba mema hayadumu, liongezee nusu ya pili: "Huenda lisidumu, na leo lipo." Kwa anayesema alhamdulillah au Bwana asifiwe, liseme polepole, ukitaja unachoshukuria. Likisemwa haraka haraka huwa njia ya kukimbia furaha sawa na "ni bahati tu."

Hatua ya 5: Itulize inapobidi

Kuna mahali furaha haina nafasi, na kujua kuishusha ni adabu na ni usalama.

Kicheko cha msibani huwapata watu wengi, hasa vijana waliokaa pamoja. Kosa ni kukaza uso. Mwaka 1997 James Gross na Robert Levenson waliwaonyesha wanafunzi wa kike filamu za kuchekesha na za kuhuzunisha, baadhi wakiambiwa wasionyeshe lolote usoni. Uso ulitulia, lakini mwili ulitaabika zaidi kwa ndani. Badala ya kuukaza uso, hamisha mawazo: tazama chini, acha kumwangalia anayekuchekesha, vuta pumzi kwa hesabu ya tatu na uitoe kwa hesabu ya sita, mara tano. Ikishindikana, ondoka ukachote maji au ukasaidie jikoni. Matangani daima kuna sufuria la kuosha.

Fedha ndizo zinazohitaji utaratibu mkali. Mgawo wa kikoba ukikaribia mwisho wa mwaka, au mafao, au mavuno yakiuzwa, fanya hivi. Wiki moja kabla fedha haijaingia, andika mgawanyo, ukiwa bado huna kitu mkononi na kichwa kimetulia. Ndani yake tenga sehemu ya kufurahia, kati ya asilimia 5 na 10, na uitumie yote bila majuto. Anayejinyima kabisa ndiye anayekuja kuvunja mpango mzima. Fedha ikiingia, kaa saa 72 bila kununua wala kuahidi chochote kisichokuwa kwenye karatasi. Ndugu akikuomba siku hizo, jibu liwe moja: "Nimekusikia, nitakupa jibu Jumapili." Kisha mjibu Jumapili, hata kama jibu ni hapana.

Kwenye harusi, ngoma ikikolea, mkono huenda mfukoni wenyewe. Tuza, ndiyo raha ya shughuli, lakini nenda na noti ndogo ndogo ulizozihesabu nyumbani. Zikiisha, shangilia kwa mikono na vigelegele. Kinachowaponza watu ni kutoka nje ya ukumbi kwenda kwa wakala wa fedha kutoa nyingine.

Na kama umetoka uwanjani timu yako imeshinda dabi, kaa dakika 20 kabla ya kushika usukani au kupanda bodaboda yako. Shangwe hupandisha mapigo ya moyo na kupunguza woga, na barabara inauhitaji woga huo.

Hatua ya 6: Irudie mara moja kwa wiki

Chagua jioni moja, Alhamisi au Jumapili. Andika mambo matatu mema ya wiki, na kwa kila moja sababu yake: nani au nini kilileta? Mara moja inatosha. Sonja Lyubomirsky na wenzake walikuta waliohesabu mema yao mara moja kwa wiki walinufaika kuliko waliofanya hivyo mara tatu, yaelekea kwa sababu zoezi lenyewe huzoeleka na kuchuja. Orodha ikianza kufanana kila wiki ("afya, familia, chakula"), badilisha: chukua jambo moja na ujiulize ingekuwaje kama lisingetokea. Kama usingekaa kiti kile cha daladala siku ile, ungemjua mumeo?

Furaha isiyo furaha

Mwongozo huu haufai kwa hali moja, na ni muhimu uitambue kwako au kwa wako. Mtu amechangamka kupita kawaida yake kwa siku nne mfululizo au zaidi. Analala kwa muda wa saa mbili au tatu tu usiku mzima na haonyeshi uchovu. Anaongea kwa kasi, mipango inamiminika, anagawa au kutumia fedha hovyo, anakasirika akizuiwa. Majirani husema "siku hizi kachangamka." Hiyo inaweza kuwa dalili ya ugonjwa wa akili unaopandisha na kushusha hisia, na una matibabu. Usibishane naye kuhusu mipango yake. Mpeleke hospitali ya wilaya au ya mkoa, au kwenye kitengo cha afya ya akili. Kwa Tanzania Muhimbili na Mirembe zinatoa huduma hiyo, kwa Kenya Mathari. Kabla ya kwenda, andika saa alizolala kila usiku kwa siku hizo na fedha alizotumia, kwa sababu mbele ya daktari atakuwa mchangamfu na mwenye maelezo mazuri, na karatasi hiyo ndiyo itakayoonyesha yaliyotokea. Na akianza dawa akajisikia vizuri, asiziache bila kumwuliza aliyemwandikia.